Kabla Hujanunua Kruza Ndogo ya Silinda Moja: Mwongozo Kamili wa Kuamua

Kila baada ya miezi michache napigiwa simu na mtu anayetaka nimsaidie kuuza kruza yake. Amekaa nayo miezi sita, pengine saba. Nikimuuliza ina ugonjwa gani, pikipiki ni nzima kabisa. Ila mgongo unamuuma, tairi la nyuma halipatikani, na mke wake alipanda mara mbili akasema basi. Anaiuza kwa hasara.

Hayo yote angeweza kuyajua kabla ya kutoa hata shilingi moja. Nazipenda sana pikipiki hizi, na ninachotaka ni kwamba atakayeinunua adumu nayo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujaiona pikipiki yenyewe.

Kruza ninayoizungumzia ina siti ya chini, usukani ulioinuka, miguu inakaa mbele, na injini ni ya silinda moja, kuanzia cc 150 hadi 350 hivi. Wengine huiita chopa. Vipimo vya mfano nitavichukua kwenye tatu: Bajaj Avenger 220, Honda Rebel 300 (cc 286) na Royal Enfield Meteor 350 (cc 349). Kama unayoitaka ni ya kampuni nyingine, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu
- Futi ya fundi ya kupimia
- Tochi yenye mwanga mkali
- Sumaku ndogo
- Kitambaa cheupe
- Kofia ngumu mbili, yako na ya abiria
- Rafiki mwenye uzito unaolingana na wa mtu utakayembeba mara nyingi
- Fundi wa pikipiki asiyefahamiana na muuzaji
- Miezi mitatu ya subira

Hiyo miezi mitatu ndiyo watu hukosa. Anayenunua siku aliyoiona ndiye atakayenipigia simu mwakani.

## Hatua ya 1: Andika safari zako za siku 14

Kila jioni andika ulikokwenda, kilomita ngapi, barabara ya namna gani (lami, vumbi, mchanga), ulibeba nini na ulikuwa na nani. Andika ulichofanya siku hiyo, hata kama ulipanda daladala. Safari unazoziota usiziandike.

Sababu ni kwamba kruza huuzwa kwa picha ya barabara ndefu na jua la jioni, wakati maisha yako huenda ni Mbezi Mwisho hadi Posta, foleni, na kilomita moja ya vumbi ya kuingia nyumbani. Ni hiyo kilomita moja itakayoamua.

Siku ya 14, jumlisha. Kama zaidi ya robo ya kilomita zako ni barabara mbovu, ishia hapa. Tafuta pikipiki yenye shokapu ndefu na sehemu ya kukanyagia iliyo chini ya mwili wako. Kama karibu zote ni lami na mara nyingi uko peke yako, endelea.

## Hatua ya 2: Kaa, simama, irudishe nyuma

Nenda mahali zinapouzwa, au kwa mtu unayemfahamu aliye nayo. Usiwashe kitu. Kalia tu.

Siti ya Rebel 300 iko milimita 690 kutoka chini, ya Avenger 737, ya Meteor 765. Kwa mtu mfupi hii ni raha kubwa: nyayo zote mbili zinagusa ardhi na foleni haikutishi. Hapo kruza inawashinda wenzake wengi.

Sasa jaribu jambo ambalo karibu kila mtu husahau. Weka miguu kwenye sehemu ya kukanyagia, kisha jaribu kunyanyua makalio bila kuvuta usukani. Kwenye Boxer, pikipiki ya kawaida ya bodaboda, unasimama kirahisi, kwa sababu miguu iko chini yako. Kwenye kruza nyingi miguu iko mbele, kwa hiyo hunyanyuki kirahisi. Maana yake ni kwamba kila shimo utakaloshindwa kulikwepa litapokelewa na siti, kisha kiuno, kisha uti wa mgongo. Ukiwa na tatizo la mgongo tayari, chukua onyo hili kwa uzito wote.

Halafu shuka. Iweke mahali penye mteremko kidogo na uirudishe nyuma kwa kuisukuma, ukiwa umesimama pembeni. Meteor ina kilo 191. Wewe ndiye utakayeitoa uani kila asubuhi, na mara nyingine kutakuwa na mchanga au tope.

Dalili nzuri: umekaa dakika 15 nzima bila kujisogeza, mabega yamelegea, na umeirudisha nyuma mita tano bila kuita mtu.

## Hatua ya 3: Yahesabu matuta

Chukua futi, nenda njia yako ya kila siku, pima matuta mawili yaliyo mabaya zaidi, urefu wa kwenda juu.

Nafasi kati ya tumbo la pikipiki na ardhi ni milimita 170 hivi kwa Meteor na Avenger, na karibu 150 kwa Rebel. Hiyo ni pikipiki ikiwa tupu. Ukikaa wewe, shokapu zinashuka. Akikaa abiria, zinashuka tena. Pia kruza ni ndefu: Avenger ina karibu mita moja na nusu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tairi la mbele likishavuka tuta, kinachobaki juu ya tuta ni ekzosi na sehemu ya chini ya injini.

Matuta ya barabara kuu hupitika. Yanayoumiza ni yale ya mtaani, yaliyomwagwa zege na wakazi wenyewe, membamba na yenye ncha. Kama unayo mawili ya namna hiyo na hakuna njia ya kuyazunguka, tambua kwamba utayagusa mara nne kwa siku. Ekzosi haidumu hapo.

## Hatua ya 4: Tafuta tairi kabla ya pikipiki

Hatua hii naiweka mbele ya bei, mbele ya rangi, mbele ya kila kitu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na kruza ambayo tairi lake la nyuma lilikuwa la inchi 15. Lilipasuka karibu na Chalinze siku ya Jumamosi. Fundi wa pale alikuwa na tairi zaidi ya 20 zimening'inia kwenye kamba, zote inchi 17 na 18, za bodaboda. Aliniangalia kwa huruma, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akasema, "Kaka, hili lingekuwa la Boxer ungekuwa umeshaondoka." Pikipiki ilirudi Dar juu ya Canter. Tairi jipya nililipata baada ya siku 19.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Avenger 220 inatumia 90/90-17 mbele na 130/90-15 nyuma. Rebel 300 inatumia inchi 16 pande zote mbili, 130/90 mbele na 150/80 nyuma. Boxer nyingi zinatumia 2.75-17 na 3.00-17, na ndizo utakazozikuta kila kona. Andika namba zako, kisha uende Kariakoo, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, ukaulize maduka matatu.

Usiulize "mnazo tairi za kruza?" Ukiuliza hivyo utaambiwa zipo. Taja namba kamili, na uombe ulione kwa macho. "Litakuja wiki ijayo" liandike kama halipo.

Pamoja na tairi, uliza vitu hivi vya modeli hiyohiyo:

- Cheni na sproketi (magurudumu ya meno ya cheni) zote mbili
- Kebo ya klachi
- Breki pedi za mbele, na za nyuma au breki shuu
- Klachi pleti
- Filta ya oili na ya hewa

Plagi na taa zisikusumbue, hupatikana.

Kama maduka mawili kati ya matatu yana tairi la nyuma na kebo ya klachi mkononi, endelea. Kama hakuna hata moja lenye tairi, una njia mbili za kweli: kuacha, au kununua pikipiki pamoja na tairi la akiba la kuweka ndani, na kuliingiza kwenye bei tangu leo. Fundi atakayekwambia anaweza kulazimisha tairi la namba nyingine liingie kwenye rimu usimsikilize. Tairi lisilokaa vizuri hutoka kwenye kona, na ukiwa kwenye kona ndiyo umelilalia.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka mmoja

Rudi kwenye daftari. Tuseme jumla yako ni kilomita 30 kwa siku, siku 25 za mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 9,000.

Kruza ya cc 350 ikienda kilomita 35 kwa lita, utatumia lita 257 hivi. Pikipiki ya kawaida ya cc 150 ikienda 50 kwa lita, utatumia 180. Tofauti ni lita 77 kwa mwaka mzima. Zizidishe kwa bei ya petroli ya kituo chako, na utaona kwamba mafuta, ambayo ndiyo watu huyaogopa, hayamfilisi mtu.

Kinachomfilisi ni mengine: tairi pana, cheni kubwa, bima, na siku ambazo pikipiki imekaa ikisubiri spea huku unalipa nauli. Weka kila kimoja kwenye mstari wake. Ongeza kofia ngumu ya maana, koti, glavu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Ukishajumlisha, gawanya kwa 12, halafu kwa miezi miwili weka kiasi hicho pembeni kana kwamba pikipiki unayo. Ukishindwa kukiweka, utashindwa pia kuitunza.

## Hatua ya 6: Ikague ikiwa baridi

Hii ni kwa pikipiki iliyotumika. Mpya kutoka dukani, ruka hadi hatua ya 7.

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, kitu cha kwanza kabla hata ya salamu kwisha, sogeza mkono karibu na ekzosi. Nilimsindikiza kijana mmoja Tabata, saa mbili asubuhi, tukakuta ekzosi ni ya moto.

"Nimeiwasha tu niitoe ndani, kaka," akasema muuzaji.

"Hamna shida. Tukanywe chai, tutarudi."

Tulikaa kwa mama ntilie zaidi ya saa nzima. Tuliporudi, selfu ilizunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tano, injini kimya. Ilipowaka hatimaye, moshi wa bluu ulijaa uani hadi nguo zilizoanikwa zikafifia. Yule kijana alinishika mkono tukaondoka.

Injini ya silinda moja haina mahali pa kuficha ugonjwa. Kwenye silinda nne, moja ikichoka tatu humbeba. Hapa ipo moja tu. Iwashe ikiwa baridi na uangalie:

Moshi. Wa bluu ni oili inaungua: ringi au sili za valvu. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi hurekebishika. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha haraka si tatizo.

Sauti. Mlio mdogo wa tiktik juu ya injini ni wa kawaida. Kelele ya minyororo inayopanda kadiri unavyoongeza moto ni cheni ya taiming au kikazio chake. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, kama mtu anagonga mlango kwa ngumi, ni beringi za kombo, shafti inayozungushwa na pistoni. Ukiusikia huo, funga daftari.

Oili. Chomoa kijiti au kifuniko cha oili, pangusa kwenye kitambaa cheupe. Nyeusi si neno. Yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji.

Zima, endelea na mwili wake. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma na uivute kuelekea kwako: ikiachia hadi unaona nusu ya jino, imekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ndoana, vyote vitabadilishwa kwa pamoja. Pitisha kitambaa kwenye nguzo za shokapu za mbele. Kikitoka na oili, sili zimekufa. Nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani polepole: ukihisi unakwama katikati kama unaingia kwenye kibonyeo, beringi za shingo zimeliwa na mashimo. Mulika ndani ya tangi kutafuta kutu. Pitisha sumaku juu ya tangi. Isiposhika mahali fulani, pale pamejazwa pati, ile ya kuziba mibonyeo ya bati.

Mwisho simama mita kumi nyuma ya pikipiki, chuchumaa, funga jicho moja. Matairi mawili yakae kwenye mstari mmoja. Yasipokaa, fremu imepinda au ekseli imekazwa vibaya, na fundi wako ndiye aseme ni kipi. Akishindwa kusema, chukulia ni fremu.

## Hatua ya 7: Iendeshe kama utakavyoitumia

Acha kitambulisho au pesa ya dhamana kwa muuzaji, hakikisha bima ipo hai, vaa kofia. Endesha dakika 40, siyo kuzunguka mtaa mara moja.

Kwanza peke yako, mjini. Hapa silinda moja hukufurahisha. Pistoni kubwa hukupa msukumo mapema: Meteor hufikia kilele cha nguvu yake ya kuvuta, nyutonmita (Nm) 27, injini ikizunguka mara 4,000 tu kwa dakika. Unatoka kwenye taa bila kupiga kelele, unapita foleni ukiwa gia ya tatu. Hizi tatu hazifanani lakini. Rebel na Avenger zinataka mizunguko mingi zaidi ndipo ziamke, kwa hiyo usinunue moja kwa sifa uliyosikia ya nyingine.

Halafu barabara kuu. Shika spidi 80 kwa dakika kumi mfululizo, pale inaporuhusiwa. Ukisimama, sikiliza viganja vyako. Silinda moja husukuma mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini, na ule mtikisiko hupanda hadi mikononi. Kuwashwa kidogo kunazoeleka. Ganzi ya vidole haizoeleki, na kama umeipata kwa dakika kumi, fikiria Dar hadi Morogoro, kilomita 190 hivi.

Sasa mpandishe rafiki. Tafuta mlima. Avenger ina nguvu farasi 19 hivi, Meteor 20. Pamoja na watu wawili, usitegemee kulipita lori kwenye mpando wa Sekenke au Mai Mahiu. Ukiwa Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kwenye 20 unabaki na kama 17. Ijaribu huko huko utakakoiendesha.

Ukirudi, muulize abiria kabla hujajiuliza wewe. Siti ya nyuma ya kruza nyingi ni kipande kidogo juu kabisa ya ekseli, na kila tuta linampiga yeye zaidi. Jibu lake liandike kama alivyolisema.

Mmefaulu kama abiria amekubali kurudi, breki zimesimamisha pikipiki bila kuvuta upande mmoja, na chini hakukugusa tuta hata moja.

## Hatua ya 8: Karatasi

Kwa Tanzania, kadi ya pikipiki iwe na jina la anayekuuzia. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, kwa tochi, tarakimu kwa tarakimu; namba iliyokwaruzwa haina maelezo yanayokubalika. Angalia kama ina deni la faini za barabarani kwa namba ya usajili. Andikishaneni mkataba mbele ya wakili, kisha uhamishe umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) mapema. Kenya, kazi hiyo ni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Leseni pia. Daraja A1 ya Tanzania inaishia cc 125, kwa hiyo kwa pikipiki hizi unahitaji daraja A. Kenya ni A2.

Usilipe "nusu sasa, kadi inakuja."

## Hatua ya 9: Amua ukiwa mbali nayo

Rudi nyumbani. Lala. Kesho yake fungua daftari mezani, pikipiki isionekane.

Majibu hayana uzito sawa. Barabara mbovu peke yake inatosha kukukataza. Tairi kutopatikana peke yake kunatosha, isipokuwa umelinunua la akiba. Mlio wa beringi za kombo, namba zilizochezewa, mgongo wako unaouma: kila kimoja kinatosha. Mengine ni ya kupunguziana bei. Cheni iliyokwisha, sili za shokapu, breki pedi, hata beringi za shingo, mfanye fundi akupe gharama yake, uitoe kwenye bei mbele ya muuzaji.

Kama abiria wako alikataa, na abiria huyo ndiye unayempeleka kazini kila siku, basi hukuwa unatafuta kruza. Mlikuwa mnatafuta pikipiki ya watu wawili, na zipo nzuri kwa pesa hiyohiyo.

Ukiwa umevuka yote, nunua, na ifurahie kwa moyo wako wote. Siku ya kwanza mwaga oili ya zamani hata kama umeambiwa ilibadilishwa juzi. Siku ya saba chukua spana, ukaze boliti za ekzosi, za vioo, za usukani na za kibao cha namba, kwa sababu mtikisiko wa silinda moja hulegeza. Rudia baada ya mwezi. Cha kwanza kudondoka, usipofanya hivyo, huwa kibao cha namba, na utakijua pale trafiki atakapokusimamisha.